Ukitoa bichi msituni, uache upumue kwanza

Kila baridi ikianza kulegea naona picha zilezile. Mtu kachimba bichi porini (ni mti, Waingereza wanauita beech), shina nene, tamu kabisa, alafu wiki hiyohiyo kashaukata matawi, kaufunga waya wa kuupinda toka chini mpaka juu na kaushindilia kwenye chungu kifupi kama sahani cha bonsai, yaani mti unaotunzwa uwe mdogo kwenye chungu. Watu wanasifia. Mi roho inaniuma, manake huo mti hata mzizi mmoja mpya haujatoa bado.

Bichi haukimbizwi jamani. Nazungumzia bichi wa Ulaya, Fagus sylvatica, ingawa hata ndugu yake wa Japani, ambao Wajapani wenyewe wanauita buna, tabia ni hizohizo. Ipo miti ya bonsai ukiikata leo, wiki chache mbele imeshachipua kila mahali na kabla mwaka haujaisha umeikata mara tatu. Bichi kwa kawaida unachipua mara moja kwa mwaka, basi. Ukiwa na nguvu sana unaweza kuongeza kidogo katikati ya kiangazi lakini hiyo usiitegemee. Na macho (vile vichipukizi vilivyojifunga kwenye vitawi) ya mwaka ujao unayatengeneza kiangazi hikihiki kwa chakula kinachopikwa na majani ya mwaka huu, kwahiyo ukiharibu sasa hivi utakuja kuona mwakani, na kurekebisha ni mwaka mwingine tena.

Sasa fikiria umeuchimba vizuri kabisa, mwisho wa baridi, macho yamevimba ila hayajafunguka. Bado mizizi ile midogo inayonyonya maji mingi imebaki msituni, manake inakuwaga mbali na shina. Ulichobeba ni akiba iliyomo kwenye shina, kwenye matawi na mizizi minene, mti hauna kingine cha kuishia mpaka ujitengenezee mizizi mipya, alafu wewe hiyo akiba unaipiga msumeno siku ileile? Kupunguza ncha ndefu ili uweze kuubeba, sawa, sina ugomvi. Lakini usiuoshe mizizi yote ikawa mitupu, acha na udongo wake kidogo, humo kuna kuvu wanaoishi na mizizi ya bichi na kuusaidia kupata maji na chakula.

Wangu niliutoa kwa ruhusa ya mwenye ardhi (bila ruhusa huo ni wizi, tusizungushe maneno). Ulikuwa mfupi na mnene kwasababu kulungu walikuwa wanautafuna kila ukijaribu kwenda juu. Niliuweka kwenye sanduku la mbao, mchanganyiko wa mawe mepesi ya volkeno yasiyotuamisha maji, nikaufunga kamba imara usitikisike hata kidogo, mzizi mpya ni laini kama uzi na upepo ukiuyumbisha mti unakatika. Mwaka wa kwanza majani yalitoka madogo na kingo zikaungua na jua, nikausogeza kwenye kivuli cha mchana. Wa pili ukatulia. Wa tatu ndo ukarusha vitawi virefu kama mkono wangu na hapo nikajua sasa una mizizi.

Jicho la bichi liangalie kwa karibu siku moja. Ni refu, jembamba, la kahawia, limechongoka kama mshale, na magamba yamepandana kama vigae. Likianza kufunguka magamba yanateleza na ndani unakuta kitawi kizima kilikuwa kimekunjwa humo, majani yana mikunjo kama feni ya karatasi na kingoni yana vinyoya vyeupe laini kabisa. Hapo ndo pa kubana ncha kwa kucha, unabakiza majani mawili hivi, na hayafunguki yote siku moja kwahiyo ni kuuzunguka kila asubuhi. Ukichelewa kitawi kinajinyoosha na nafasi hiyo mwaka huu huipati tena. Ila hii ni kwa mti ambao matawi yake yameshapata unene! Tawi changa ukilibana mapema litabaki uzi maisha yake yote. Na juu ubane kweli, chini uachie, bichi unapenda sana kupeleka nguvu kileleni na tawi la chini ukilisahau linakufa polepole, na mahali pazee hauchipui tena kirahisi.

Ndo maana nikiambiwa "mbona wangu niliukata siku ya kwanza na ukaishi" namwambia ngoja miaka mitano tuuangalie tena, uone kama chini bado pana uhai au kileleni kumenenepa kama rungu. Alafu gome. Gome la bichi ni la kijivu, laini, jembamba, hata mti ukizeeka halichakai kama la msonobari, kwahiyo kidonda cha msumeno hakina pa kujificha na waya iliyozama inaacha alama ya miaka.

Wangu sasa una miaka mitano tangu nilipoutoa na bado uko kwenye sanduku lake. Kuna tawi la kushoto, la chini kabisa, sijawahi kuligusa na mwaka huu pia siligusi, linarefuka tu linavyotaka, mpaka pale lilipoungana na shina pafike unene wa kidole gumba.