Wakasema tatizo ni jengo

Juzi nimekaa sebuleni na mtoto wa dada yangu, akanipiga picha kwa simu yake, kabla hata sijaiona akasema "ngoja mamdogo nikuweke vizuri kwanza". Akagusa mara mbili tu na uso uliotokea pale sio wangu, ngozi imekuwa kama maziwa yaliyoonjeshwa chai, pua imebanwa, hata kakovu kangu ka utotoni juu ya nyusi hakapo. Hakuwa na nia mbaya kabisa, ana miaka 14, kwake hiyo ndo heshima. Nikanyamaza, nikakumbuka picha ya mahafali.

Mahafali ya darasa la saba, 1997. Tumesimama mistari mitatu mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu, jua la saa saba mchana, mpiga picha kaja na kamera ya mkanda, akaondoka nao kwenda kuusafisha mjini na picha zikaja baada ya wiki mbili. Mi niko mstari wa katikati. Unaona sare, unaona kola nyeupe, unaona meno, basi. Rafiki yangu niliyesimama naye, maji ya kunde, anaonekana mpaka vishimo vya mashavuni. Picha ikazunguka darasa zima, watu wakacheka, nikapewa jina nililokaa nalo mpaka sekondari na hapa siliandiki. Mama akaniambia "sio wewe mwanangu, ni jua". Sikumwamini, niliamini kamera. Kuanzia hapo mtu akisema tupige picha mi nasogea nyuma, na kufika kidato cha tatu nilishaanza mkorogo kwa siri, unauziwa kwenye kichupa kisicho na jina, uso ukawa wa pinki na sugu za vidole zikabaki nyeusi tii.

Nilipokuwa mtu mzima ndo nikaja kusoma habari za kadi za Shirley. Kodak, kampuni ya Marekani ya mikanda ya kamera, tangu miaka ya 1950, walikuwa wanapeleka kwenye maabara za kusafishia picha kadi yenye sura ya mwanamke mzungu, wa kwanza aliitwa Shirley jina likabaki hilohilo, na hiyo kadi ndo kipimo, fundi anarekebisha rangi mpaka Shirley atoke vizuri, akishatoka vizuri basi mashine iko sawa, sisi wengine tutatoka tutakavyotoka. Mtafiti wa Canada, Lorna Roth, ndo kalichimba sana hili jambo, na kilichoniuma kwenye kazi yake ni kwamba waliosikilizwa mpaka mkanda wa kamera ukaboreshwa hawakuwa wazazi weusi ambao watoto wao hawaonekani kwenye picha za shule, walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliotaka rangi za kahawia za bidhaa zao zitofautiane kwenye matangazo. Yaani kabati! Kadi yenye wanawake wa rangi tofauti ikaja miaka ya 1990. Jua la saa saba nalo lilichangia, sikatai, ila laiti ningeyajua haya nikiwa na miaka 13.

Ndo maana ya Vanessa Nakate sikuiona kitu kidogo. Januari 2020, Davos kule Uswisi, kwenye mkutano wa uchumi wa dunia, wasichana watano wanaharakati wa mazingira wamepiga picha pamoja, yeye Mganda na wenzake wanne wazungu, akiwemo Greta Thunberg. Shirika la habari la Marekani, Associated Press, wakairusha ikiwa na wanne, wazungu watupu. Kwenye picha nzima Vanessa yuko pembeni kabisa na nyuma yake kuna jengo, na maelezo ya kwanza ya shirika yakawa kwamba mpiga picha alikata kwa ajili ya mpangilio tu, aliona lile jengo linaharibu picha. Baadaye mhariri mkuu wao Sally Buzbee akaomba radhi. Vanessa alijirekodi video huku analia, akasema hawakufuta picha tu, wamefuta bara zima, na kwamba ndo mara ya kwanza maishani ameelewa ubaguzi wa rangi maana yake nini.

Sasa mi mpiga picha namwamini, tena ndo kinachonitisha. Naamini kweli aliona jengo. Jicho lililolelewa miaka yote na picha za aina moja linaweza kuona jengo na lisimwone Mwafrika pekee aliyesimama mbele yake, na hapo huna hata wa kumshtaki, maana hakuna aliyetukana mtu.

Na wakitaka kukuona wanaweza kukuongezea giza. Juni 1994 jarida la Time liliweka kwenye jalada picha ya polisi ya O.J. Simpson, nyota mweusi wa zamani wa mpira wa Kimarekani aliyekuwa ameshtakiwa kwa mauaji, ikiwa imetiwa weusi, wiki hiyohiyo jarida jingine, Newsweek, wametoa picha ileile bila kuigusa, watu wakaona zote mbili mezani. Kesi ilikuwa hata haijasikilizwa.

Simu zimejitahidi siku hizi, Google walitoa Real Tone, mfumo wa kamera wa kunasa rangi halisi ya ngozi, kwenye simu yao ya Pixel 6 mwaka 2021, ngozi nyeusi inatoka vizuri. Lakini sisi wenyewe tunamrudisha Shirley kwa mkono wetu, kwenye filta, kwenye tamthilia ambazo mweupe ndo bibi harusi na mweusi ndo dada wa kazi, halafu tunashangaa binti wa miaka 14 kajuaje.

Nilimwambia afute ile filta. Nikamvuta dirishani, jua la saa kumi na moja jioni, nikamwonyesha agonge usoni kwangu kwenye skrini ili kamera ipime mwanga kwangu mimi, sio ukutani. Akapiga. Akaiangalia weee, mwisho akasema "mamdogo kumbe unafanana na bibi". Ndo iko kwenye profaili yangu sasa hivi, na kovu lake.