Ukitaka kumshinda, mwache aende

Wakimbiaji wawili wanaolingana uwezo wakikutana kwenye mbio za milimani za kilomita 100 au 160, mara nyingi huharibiana siku kwenye mlima wa kwanza tu. Mmoja anaongeza mwendo kidogo, mwenzake anaona vibaya kuachwa, na kabla ya kilomita ya 20 wote wawili wanahema kana kwamba utepe uko kwenye kona inayofuata. Msimamo wangu ni huu: katika theluthi mbili za kwanza, mpinzani asikupangie mwendo. Akienda, mwache aende. Kuna dakika anazomwaga mahali pengine, na kuziokota hizo hakuchoshi miguu.

Sababu kubwa iko tumboni. Mwili huhifadhi wanga wa gramu 400 hadi 500 hivi, yaani takriban kalori 2,000, ilhali kilomita 160 za milima hula zaidi ya 10,000. Pengo hilo huzibwa na mafuta ya mwilini pamoja na unachokula njiani: gramu 60 za wanga kwa saa, au 90 kwa aliyelizoeza tumbo lake mazoezini na anayechanganya glukosi na fruktosi, kwa kuwa kila moja hufyonzwa kwa njia yake. Ukipanda kwa pupa kumfuata mtu, damu hukimbilia misuli na ngozi, utumbo unabaki na kidogo, na jeli (uji mzito wa sukari wa wakimbiaji) uliyoimeza inakaa pale pale. Kichefuchefu hakiji papo hapo. Kinaweza kuja saa tano baadaye, na wengi hulaumu jeli ya mwisho wakati kosa lilitendeka asubuhi. Kama mlimani huwezi kutafuna na kumeza bila kusimama kuvuta pumzi, umezidisha. Mwinuko ukipita asilimia 20, tembea. Anayekimbia pale anakuzidi mita chache tu, na anazilipia.

UTMB ya mwaka 2022, mbio za kuuzunguka mlima Mont Blanc, ilionyesha jambo hili vizuri. Jim Walmsley aliongoza kwa muda mrefu, kisha akaishiwa na kumaliza wa nne. Kilian Jornet na Mathieu Blanchard, waliokuwa nyuma yake, wakabaki kugombania ushindi wao wawili: Jornet alitumia saa 19, dakika 49 na sekunde 30, Blanchard saa 19, dakika 54 na sekunde 50. Dakika 5 na sekunde 20 baada ya kilomita zaidi ya 170. Tofauti ya namna hiyo mtu anaweza kuipoteza akiwa amekaa kwenye kiti.

Na kwenye vituo vya huduma ndiko hasa inakopotea. Chukua mbio za saa 14 zenye vituo 10. Mmoja anatumia dakika 5 kila kituo, mwingine 2. Hiyo ni nusu saa. Kuifidia nusu saa hiyo kwa miguu kunataka kasi zaidi ya takriban asilimia 3.5 mchana kutwa, na kati ya watu wanaolingana hakuna mwenye akiba hiyo.

Kazi ya kituo huanza nusu kilomita kabla ya kufika. Takataka zote ziingie mfuko mmoja. Poda ya kinywaji iwe tayari kwenye vifuko, kipimo kimoja kwa kila chupa ya nusu lita. Amua mambo yasiyozidi matatu na uyataje kwa sauti, kwa sababu kichwa kilichochoka husahau kikiona meza imejaa vyakula. Ukiingia, chupa kwanza, maana kujaza ndiko kunakokula muda. Wakati zinajazwa unatia chakula mfukoni, kisha unatoka ukitembea na kula. Kituo kidogo ni dakika moja. Kile kikubwa chenye wasaidizi wako, tatu. Kukaa ni kwa anayebadilisha viatu au kutibu lengelenge, basi.

Lakini haraka ya kijinga ni ghali kuliko kiti. Anayetoka na chupa nusu kwa sababu amemwona mpinzani akitoka atatambaa kilomita 12 zijazo. Mchanga ndani ya kiatu ni sekunde 40 kuutoa sasa. Ukiuacha mpaka ngozi ichubuke, utalipa saa nzima usiku. Na betri ya tochi ya kichwani ibadilishwe kabla ya giza, si gizani kwenye mteremko wa mawe.

Sasa suala linalowachanganya hata wazoefu: kupima pengo. Pima kwa dakika, usipime kwa macho. Mtu anayepanda kwa kilomita 5 kwa saa akiwa mbele yako mita 400 amekuzidi karibu dakika 5. Mita hizo hizo kwenye mteremko unaoshukwa kwa kilomita 12 kwa saa ni dakika 2 tu. Kwa hiyo mlimani anaonekana yuko karibu, unajitutumua. Mkishuka anaonekana amekimbia mbali, unakata tamaa. Huenda pengo halijabadilika hata sekunde. Njiani pakiwa na kona za kupinda na kurudi, chagua jiwe au mti, bonyeza saa anapopita, bonyeza tena ukifika wewe. Fanya hivyo kila baada ya saa moja. Pengo likipungua bila wewe kuongeza nguvu, endelea vile vile na umwache aendelee kuchoka.

Wasaidizi nao waelekezwe. "Uko vizuri, anachoka!" si habari. Habari ni: ametoka kituoni saa ngapi kamili, amekula nini, alikaa au alisimama, anajibu maneno mangapi akiulizwa, anashukaje ngazi. Aliyekataa kila chakula vituo viwili mfululizo ana tatizo ambalo litaonekana kwenye saa baadaye.

Robo ya mwisho ndipo upinzani unapoanza kwa kweli. Usimpite kwenye mwinuko mkali, maana mtatembea bega kwa bega na kuchoshana. Mahali pazuri ni juu kabisa ya mlima, njia inapolala na yeye anatafuta pumzi, au kwenye mteremko mwepesi unaokimbilika. Punguza mwendo kidogo dakika 5 kabla, kula, kunywa, kisha mpite ukiwa na pumzi tulivu, umsalimie, na ushikilie kasi hiyo dakika 10 hadi 15 bila kugeuka. Akikufuata, rudi kwenye mwendo wako. Umejua kwamba ana miguu, utajaribu pengine. Usiku, wengine hupunguza mwanga wa tochi ili wasionekane wanavyokaribia. Kwenye mpando laini naikubali hila hiyo, kwenye mawe naiona ya kipuuzi.

Mteremko mkali una sheria yake. Misuli ya mbele ya mapaja hufanya kazi huku ikinyooshwa, na hapo ndipo inapochanika. Dawa yake ni mazoezi ya kushuka kwa muda mrefu wiki tatu au nne kabla. Siku ya mbio hakuna cha kukuokoa. Vidonge vya ibuprofeni ndivyo kabisa visiguswe: figo zilizopungukiwa maji na kujaa mabaki ya misuli hazihitaji mzigo mwingine. Wala usinywe maji kupita kiu kwa kuogopa, maana sodiamu ikishuka sana kwenye damu hata kifo kinawezekana.

Aina moja ya mbio inapindua hesabu hizi. Kwenye Backyard Ultra kila mtu hukimbia kilomita 6.706 kila saa mpaka abaki mmoja, na huyo hukoma mzunguko mmoja tu baada ya wa pili kuacha. Mwaka 2023 Harvey Lewis alifika mizunguko 108 kwa sababu Ihor Verys alifika 107. Hapo ukimwacha mpinzani achoke mapema umejikatia rekodi yako mwenyewe.

Kwenye mbio za kawaida, mkiingia kilomita ya mwisho pamoja, mvumilie. Mashavu ya miguu yaliyokimbia saa 14 hukakamaa yakidaiwa kasi ghafla, kwa hiyo anayechomoka mita 800 kabla ya mwisho aghalabu hushikwa. Kaa nyuma yake, fupisha hatua, ongeza kasi taratibu, na umpite zikiwa zimebaki mita 200.