Kip Kumi na Moja

Saa tisa usiku simu inalia. Ukiwa huku ughaibuni, simu ya saa hizo ni msiba tu. Nimekurupuka kitandani hapa Ohio, kichwani nimeshawapanga wagonjwa wote wa Tanga kwa umri.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umelala?"

Kwao saa nne asubuhi, jua kali. Nikajibu niko macho, najiandaa na mtihani wa FE, ule wa misingi ya uinjinia. Uongo huo ndio ulioniponza.

"Mtihani gani tena? Si unamaliza chuo?"

Nikakohoa kisomi. Nikamweleza kwamba huku digrii peke yake haikupi leseni. Unaanza na FE, maswali 110, saa tano na dakika 20 mbele ya kompyuta. Ukifaulu, unaitwa injinia mwanafunzi.

"Na sasa hivi wewe ni nani?"

"Mwanafunzi wa uinjinia."

Kimya. Namsikia anapuliza chai. "Kwa hiyo unalipa wakugeuzie maneno?"

Dola mia mbili na ushee, sikuthubutu kuitaja. Nikamwambia baadaye kuna miaka minne ya kazi, na mtihani wa pili. "Miaka minne! Hata eda ni miezi minne na siku kumi!"

Basi, uinjinia nusu unamtosha. Anataka kupandisha tangi la lita 5,000 juu ya bafu la nje, litabeba? Nikajisemea hili ndilo zoezi lenyewe. Karatasi, kalamu.

"Mjomba, hizo ni kip kumi na moja."

"Kipi?"

"Kip."

"Ndiyo nauliza, kipi?"

"Kip moja ni ratili elfu moja."

"Ratili za marehemu babu? Marekani bado wanazo?"

Wanazo, na mtihani unazo. Ratili ya tungamo, ratili ya nguvu, ukisahau kugawa kwa 32.2 umekwisha. Sikumwambia hayo.

"Tofali za kulaza au za kusimamisha?"

"Za kusimamisha. Umeona bei ya saruji wewe?"

"Mjomba, hizo ni tani tano za maji! Litaanguka!"

"Fundi kasema nondo nne zinatosha."

"Fundi kasomea wapi?"

"Wewe umeshafaulu?"

"Bado."

"Basi usitutishe." Akakata. Vocha yake, heshima yangu.

Usingizi ndiyo hivyo tena. Nimefungua kitabu cha fomula, maana siku ya mtihani utakutana nacho kwenye kioo tu, karatasi zako huingii nazo, kwa hiyo lazima ujue kila kitu kilipojificha. Nimefika kwenye nguzo, WhatsApp ikalia. Picha. Tangi jeusi liko juu tayari, mlangoni kandambili, na maji yanatiririka kwa chini. Kuna mtu anaoga.

Nikafunga simu, nikafunga na kitabu. Nikaona afadhali nisome orodha ya kalkuleta zinazoruhusiwa. Yangu ya tangu kidato cha tatu, fx-82, mgongoni nimechonga jina kwa bikari, haimo.

Mtihani ni Alhamisi.