Bustani ya Kijapani Haikupi Uhuru, na Hapo Ndipo Raha Yake

Wengi wakitoka kwenye bustani ya Kijapani husema: "Pametulia, pa asili kabisa." La utulivu nakubali. La asili nakataa katakata. Sijaona mahali pengine ambapo mtu amepanga kila kitu namna ile, mpaka macho yako yatazame wapi.

Anzia kwenye njia. Katika bustani za chai, zile zinazoelekea kwenye kibanda cha kunywea chai, unapita juu ya mawe yaliyozikwa nusu ardhini, mojamoja, hayalingani, mengine yanatosha mguu mmoja tu. Ukitembea huku unashangaa huku na kule utajikwaa. Kwa hiyo unainamisha macho, unapunguza mwendo, na hakuna aliyekuambia. Mara unafika kwenye jiwe pana, miguu yote miwili inaenea. Unasimama, unainua kichwa, na mbele yako kuna taa ya mawe au mti uliopindia majini. Si bahati hiyo. Aliyeliweka jiwe lile alitaka usimame palepale. Na wasipotaka upite mahali, hawaweki kibao wala mlinzi: wanaweka katikati ya njia kijiwe cha ukubwa wa embe, kimefungwa kamba nyeusi. Mtoto anaweza kukinyanyua kwa mkono mmoja, lakini watu wazima wakikiona wanageuza.

Ubabe huu umekolea zaidi Ryoan-ji, hekalu lililoko Kyoto. Bustani yake ya mawe haina maua wala bwawa. Ni kiwanja cha kokoto nyeupe zilizochorwa mistari kwa reki, na mawe 15 basi. Hakikanyagwi. Unavua viatu, unakaa barazani, na popote utakapokaa utahesabu mawe 14, maana daima kuna moja limejificha nyuma ya jingine. (Nami nilisogeasogea nikihesabu, wote barazani wanafanya hivyo, kila mmoja akijifanya anatafakari.)

Anayesema haya yote ni maumbile tu, aende Kanazawa, bustani ya Kenroku-en. Kuanzia Novemba 1 kila mwaka watunzaji husimamisha nguzo ndefu kwenye misonobari, wakashusha kamba kutoka juu na kulifunga tawi moja baada ya jingine, ili theluji nzito isiyavunje. Masika yakifika, zote zinafunguliwa tena.

Wapo wanaolalamikia masharti. Saiho-ji, hekalu jingine la Kyoto, linasifika kwa ule uoto laini wa kijani uliotandaa chini ya miti kila mahali. Tangu 1977 huingii bila kuomba nafasi mapema, na kwa desturi mgeni hukaa kwanza akanakili maandiko ya Kibuddha ndipo aingie bustanini. Kwangu mimi, wamefanya la maana. Uoto ule hauhimili umati, na aliyeshindwa kutulia na kalamu hata kidogo, huko nje angeona nini zaidi ya pa kupigia picha?

Kwa anayepanga safari: achana na msimu wa maua ya sakura, utaambulia migongo ya watu. Nenda Ryoan-ji mwezi wa sita, mvua zikiwa zinanyesha, ufike saa mbili asubuhi lango linapofunguliwa. Na uvae soksi zisizotoboka, kwani viatu vinabaki mlangoni.