Ukienda polepole, wapishe walio nyuma

Juma lililopita nilikuwa gari la tano kwenye msururu wa magari tisa. Mbele yetu sote kulikuwa na gari dogo jeupe likienda kilomita 40 kwa saa kwenye barabara inayoruhusu 80. Jua linawaka, lami kavu, shimo hakuna. Kila tulipokaribia kona dereva alishika breki. Kila barabara iliponyooka na mstari wa katikati ukaanza kukatika-katika, alikanyaga mafuta mpaka 65, na aliyekuwa ameshachomoza pua ili ampite akalazimika kurudi ndani.

Mwisho dereva wa gari la pili alishindwa kuvumilia. Akatoka karibu kabisa na kona, na lori lenye tela likatokea upande wa pili. Lori lilipiga honi ndefu, likatia magurudumu ya kushoto nje ya lami, vumbi likatanda. Yule alirudi ndani kwa nafasi ambayo pikipiki mbili zisingeenea. Nyuma sote tulifunga breki, mikono ikitetemeka. Gari jeupe likaendelea vilevile na 40 yake.

Aliyetaka kutuua ni huyo wa pili, na simtetei. Kuovateki usipoona mbele ni kosa, hata uwe umechelewa vipi. Lakini tangu siku ile najiuliza kwa nini yule wa kwanza tunamhesabu kuwa dereva mwangalifu.

Watu husema polepole ndio mwendo, nami naamini hivyo. Nguvu ya mgongano hukua kwa mraba wa mwendo: gari likitoka 50 kwenda 100, nguvu hiyo inakuwa mara nne. Namba kwenye kibao ni kikomo, si amri ya kuifikia. Mvua ikinyesha, ukungu ukishuka, mzigo ukiwa mzito au ukiwa bado mgeni wa usukani, punguza, na asitokee mtu wa kukusukuma kwa taa kali nyuma ya kisogo chako.

Lakini kuwazuia wengine kwa upolepole usio na sababu ni jambo jingine, na sheria nazo zimeliona hilo. Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unamkataza dereva kuzuia mwendo wa kawaida wa wengine kwa kwenda polepole kupita kiasi bila sababu ya msingi. Sheria ya Ujerumani inasema karibu hivyohivyo, na kwenye barabara zake kuu za kasi haliruhusiwi gari lisiloweza kuvuka kilomita 60 kwa saa. Ufaransa, kwenye barabara kuu za namna hiyo, anayetumia njia ya kushoto kabisa, ambayo huko ndiyo ya kupitia wengine, haruhusiwi kushuka chini ya 80 hali ya hewa ikiwa nzuri na magari yakitiririka. Uzito wote uko kwenye maneno hayo, "bila sababu".

Kanuni inayonivutia zaidi ni ya California. Kwenye barabara ya njia mbili ambapo kupita ni hatari, gari la polepole likishafuatwa na magari matano au zaidi lazima litoke kando kwenye nafasi salama ya kwanza ili wengine wapite. Halilazimishwi kuongeza mwendo hata kidogo. Linatakiwa kupisha tu.

Kwa nini idadi ya magari ihesabiwe? Piga hesabu. Gari moja linakwenda 40, wewe uko 80. Kulipita kunachukua kama sekunde nne. Yakiwa manne yamefuatana, unahitaji sekunde kumi hivi, na kama kuna gari linakuja na 80, lazima barabara iwe wazi karibu nusu kilomita mbele yako. Barabara yenye kona haina nusu kilomita hiyo. Kwa hiyo hatari inakua kadiri mkia unavyorefuka, na mwenye uwezo wa kuukata mkia huo bila kumhatarisha mtu ni yule aliye kichwani.

Wapenda kasi hupenda kuutaja utafiti wa David Solomon wa 1964, uliofanyika Marekani, ulioonyesha kwamba waendao polepole sana hupata ajali nyingi kama waendao kasi sana. Mimi siuegemei. Wakosoaji walionyesha kwamba ndani yake yalihesabiwa hata magari yaliyokuwa yanapunguza mwendo ili yaingie barabara ya pembeni. Hoja yangu haiuhitaji.

Mwaka jana nilikuta trekta limebeba nyasi, linatambaa kuliko hata lile gari jeupe. Dereva aligeuza shingo, akatuona tulivyofuatana, akawasha indiketa, akaegesha magurudumu mawili nje ya lami na kutupungia mkono. Tukapita sita, mmoja baada ya mwingine. Nusu dakika haikuisha akawa amerudi barabarani.

Mafunzo mengi ya udereva hufundisha kioo cha nyuma kama kitu cha kutazama unapotaka kugeuka au kusimama. Ningekuwa mtahini, ningempeleka mwanafunzi kwenye barabara yenye kona, nimwache aende kwa mwendo anaouweza, kisha katikati ya safari nimwulize, bila kumruhusu atazame tena: nyuma yako kuna magari mangapi?