Mtoto Amemaliza Hesabu, Mpeni Kazi

Juzi jirani yangu hapa Langoni, Lamu, aliitwa skuli. Kosa la mwanawe wa Gredi ya 4: anasumbua darasa. Anasumbuaje? Hesabu zikiwa bado zaandikwa ubaoni, yeye keshazimaliza, kisha huzunguka madawati akiwapa wenzake majibu. Adhabu aliyopewa ni kuzinakili upya hesabu zilezile. Nimekasirika, na hasira haijanitoka.

Mtoto huyohuyo jioni yuko chuoni akisoma Kurani, na huko hakuna anayemuuliza ana miaka mingapi. Aliingia hajui alifu, akashika haraka, mwalimu akamvusha. Leo yuko kwenye juzuu ambazo wakubwa wake hawajazifikia. Aliyekawia naye yuko palepale kwenye jamvi, anarudia sura yake mpaka imkae. Kila mmoja huenda mbele ya mwalimu kwa zamu, akasikilizwa, akasahihishwa, akapewa cha kesho. Mwalimu mmoja, watoto wa kila umri. Sisi wenyewe tumekulia humo, na wazee wetu kabla yetu. Basi kwa nini mtoto akiingia skuli asubuhi tunakubali umri wake umfunge miguu?

Chuo nacho kina kasoro zake, fimbo na kukariri bila kuelewa, sibishi. Na mwalimu wa skuli ana darasa lililofurika, juu yake makaratasi ya CBC, mtaala wa umilisi, ya kujaza. Haya, nakubali. Lakini sidai jengo wala kompyuta. Nadai mtoto aliyemaliza apewe hesabu ngumu zaidi, si nyingi zaidi. Kipindi cha hesabu akikae Gredi ya 5, kisha arudi kwa wenzake wa rika lake acheze nao. Hilo linahitaji walimu wawili waliokubaliana ratiba, basi. Wala si hisani: Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya 2013 inawahesabu wanafunzi wenye vipawa miongoni mwa watoto wenye mahitaji maalum.

Kuna wanaosema tungoje, mtihani utawafichua wenyewe. Mwanasaikolojia Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alifikiri hivyo. Mwaka 1921 alianza kuwasaka watoto wenye akili nyingi wa California kwa mtihani. William Shockley na Luis Alvarez walipimwa wakakosa alama za kuingizwa katika utafiti wake. Wote wawili wakaja kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia, Shockley mwaka 1956, Alvarez mwaka 1968. Huku kwetu tuongeze la lugha: kuanzia Gredi ya 4 mtoto wa Faza au Kizingitini anaulizwa hesabu kwa Kiingereza, asichokisikia nyumbani wala bandarini. Swali likimpita, sisi twaandika hesabu hajui.

Na mzazi asingoje kuitwa. Mtoto aliyejifundisha kusoma, anayeuliza "kwa nini" mpaka mkachoka, anayefungua redio na kuifunga tena ikalia, mwendeeni mwalimu wake mkamweleze. Mwalimu humuona akiwa dawatini tu.

Wanaoniuma zaidi ni wasichana. Mvulana akichoka kungoja hufanya fujo, angalau mama yake akaitwa. Msichana aliyemaliza kazi hukunja mikono akanyamaza, au hupewa madaftari ya wenzake asahihishe, na ripoti yake ikaandikwa "mtulivu, ana adabu". Kwa huyo hakuna anayeitwa skuli.