Zambarau ikigeuka njano inathibitisha nini?

Loweka gome la mti wa dawa kwenye methanoli, chuja, kisha dondosha maji yake, yaani dondoo, katika kemikali iitwayo DPPH. Zambarau iliyokolea inafifia mpaka njano. Rangi ile ni ya radikali huru, yaani molekuli yenye elektroni isiyo na mwenziwe. Ikififia, ujue kuna kitu kwenye gome kilichoituliza.

Kipimo hiki ni rahisi na cha haraka. Shida ni kwamba miti michache sana hufeli. Taniini na flavonoidi, kemikali za mimea zinazotuliza radikali, zimejaa kwenye magome na majani, kwa sababu mti wenyewe unazihitaji kujikinga na jua kali na wadudu. Kwa hiyo kusikia kwamba mwarobaini au mlonge una antioksidanti, yaani vitu vya kutuliza radikali, hakuniambii mengi. Ningeshangaa kama usingekuwa nazo.

Wanaotetea dondoo hizi wana hoja nzito kuliko rangi. Kwenye seli zinazokuzwa maabara, baadhi ya flavonoidi, kwesetini ikiwamo, huamsha protini iitwayo Nrf2, nayo huifanya seli itengeneze vimeng'enya vyake vya kujilinda. Hapo mmea hauzimi moto wenyewe, unaita wazima moto. Hoja hii naiheshimu.

Lakini neli ya maabara haina utumbo wala ini. Sehemu kubwa ya poliphenoli, kundi lenye taniini na flavonoidi, hainyonywi, na kidogo kinachopita hubadilishwa upesi na ini, hivyo kiasi kinachofika kwenye damu ni kidogo mno kikilinganishwa na kile cha kwenye neli. Tena methanoli ni sumu, hakuna anayeinywa. Maji ya moto huchuja mchanganyiko mwingine kabisa. Isitoshe, si kila radikali ni adui: chembe nyeupe za damu huzitumia kuua bakteria.

Ufini walishaonja machungu ya kuruka kutoka nadharia hadi kidonge. Mwaka 1994 yalitoka matokeo ya jaribio la wanaume wavutaji sigara 29,133: waliopewa vidonge vya beta-karotini, ile rangi ya karoti, waliugua saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Beta-karotini si gome, nakubali, lakini nayo ilianza na sifa hizihizi. Na mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliondoa mtandaoni jedwali lake la nguvu za antioksidanti za vyakula, kwa kuwa wauza virutubisho waliligeuza tangazo.

Mimi dondoo hizi ningezipeleka kwanza kwenye mafuta ya kula. Huko kinachoharibu ni oksijeni, na kinachotakiwa ni kuichelewesha, jambo ambalo dondoo ya majani ya mlonge imeonyesha kulifanya. Kazi iliyobaki ni ya kawaida: taniini zikizidi hubadili rangi ya mafuta na kuleta ukakasi mdomoni.